Nilicheka Matangani, Sasa Wanasema Nimesamehe

Bi Yuditha wa Kibaraza, shikamoo, na kama mimi ndiye niliyekuzidi umri basi irudishe hiyo shikamoo nitaipokea, maana picha yako ya gazetini ni ndogo na wino umemwagikia mashavuni, sijui una miaka thelathini au sitini. Mimi naitwa Mwaija, Mzigua wa Handeni, mjane, na sasa ni mama niliyezika mwana, nakuomba unisaidie shauri, kwa sababu hapa kijijini kila mtu ameshaniamulia na hakuna hata mmoja niliyemwomba. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kisomo cha watu wazima kimenitoa ujinga, mwalimu alitufundisha na nukta lakini mimi nukta naiona kama kumkatiza mtu maneno, naziweka kwa shingo upande, kwa hiyo vuta pumzi ndipo usome.

Mwanangu alikuwa Athuman, kijana mrefu, mcheshi, mguu wa kushoto anautupa kidogo akitembea, hajaoa kwa sababu kila msichana niliyemwonyesha alisema mama huyu anafanana na wewe nitagombana naye. Tulipohamishiwa kijiji kipya wakati wa operesheni ya vijiji tulibeba vyungu, tukabeba kinu, tukabeba kuku, ila mlango wangu ukabaki kule mahameni tulikohama. Ni mlango wa mvule, aliuchonga marehemu mume wangu kabla hajanioa, alikuwa akisema mke atapatikana tu lakini ubao mzuri ni bahati. Nyumba mpya tukaifunga kwa mabua, mbuzi wa jirani akawa anaingia bila hodi na kusimama kunitazama nimelala, nami nikalalamika asubuhi, nikalalamika jioni, mpaka Athuman akasema mama nyamaza, mlango wako nitauleta. Ilikatazwa kurudi mahameni bila ruhusa, sikatai, lakini watu walikuwa wakirudi, mwenyekiti mwenyewe alirudi kufuata kitanda chake.

Basi akaenda, akaung'oa, akaufunga mgongoni kwa kamba za mkonge kama konokono na nyumba yake, akashika njia mchana kweupe. Na waliomwona wanasimulia kwamba kila mji aliopita alisimama, akapeleka mkono nyuma, akaugonga mlango wake mwenyewe, ko ko ko, hodi wenyewe, nimekuja na mlango wangu msihangaike kufungua! Watu wakacheka, wakampa maji, akaendelea, mpaka pale kwenye daraja la magogo alipokutana na askari.

Jina la askari huyo sitaliandika, wino huu ni wangu. Anasema alimwamuru asimame, Athuman akamgeukia na panga juu, naye akafyatua bunduki kujiokoa. Bi Yuditha, umewahi kubeba mlango? Mtu mwenye mlango wa mvule mgongoni hageuki, anazunguka polepole kama lori kwenye njia nyembamba, na panga lake nililikuta nyumbani chini ya kitanda, butu, halikati hata ndizi mbivu. Risasi ilipita kwenye mlango kwanza ndipo ikamfikia yeye, tundu lake kidole changu kinaingia, najua kwa sababu nimekiingiza. Majirani wakamleta nyumbani amelazwa juu ya mlango uleule, nusu ya njia aliubeba yeye, nusu ya pili ukambeba. Hapo nimeweka nukta.

Aliyemwosha ni kaka yangu Mhina. Nilimuuliza kaka jeraha liko wapi, mbele au nyuma, akanitazama kama nimemuuliza mambo ya chumbani kwake, akasema siri ya maiti haitolewi, ukaishia hapo ushahidi wa mjomba mtu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wewe unajua, msiba wa Kizigua bila Mnyamwezi wa kutukana ni kama pilau bila chumvi, na mtani wa nyumba yetu ni mzee Yordani, alikuja zamani kukata mkonge huko Korogwe na mpaka leo anakaa kambini. Mume wangu alipokufa Yordani aliingia kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema humu mnamopeleka Mzigua mbona ni pazuri kuliko kwake, akakataa kutoka mpaka akapewa kuku. Kwa Athuman pia alikuja, akakaa pembeni tangu asubuhi hasemi kitu, nikajua leo hata Yordani utani umemshinda.

Siku hiyohiyo ya matanga sajini naye akaja kutoka kituoni, anavuta mbuzi beberu aliyenunuliwa Chanika, ananuka mpaka waombolezaji wakahama upande. Sajini akasema wazee, yule askari ni Mnyamwezi, ninyi ni Wazigua, mtani akimuumiza mtani hakuna kesi, pokeeni mbuzi yaishe, na ule mlango nitaondoka nao leo kwa ajili ya kazi za kituo. Wazee wakaitika naam, naam, kama wanafunzi. Sinia zikaanza kuzunguka.

Ndipo Yordani akainuka. Akauendea mlango, akajifunga mgongoni kwa kamba zilezile, akaanza kupita katikati ya watu, mguu wa kushoto anautupa, akifika kwa mtu anapeleka mkono nyuma, ko ko ko, hodi wenyewe, nimekuja na mlango wangu msihangaike kufungua! Akabisha kwa wazee, akabisha kwa akina mama jikoni, akambishia hata yule mbuzi, akamwambia samahani mzee nilidhani ni ofisi ya kituo. Watu walianza kwa kujizuia, wakashindwa. Nami nilicheka, Bi Yuditha. Nilicheka mpaka kanga ikanivuka kichwani, kwa sababu alikuwa ni yeye, ile sauti, ule mguu, Athuman alikuwa amefika na mlango wangu na mimi nilikuwa nimemwona. Kisha nikakumbuka, nikalia mpaka wakanimwagia maji.

Yordani hakurudi. Alishika njia na mlango mgongoni, sajini akapiga kelele na ubwabwa mdomoni, we mzee rudisha, naye akajibu bila kugeuka, nimeteka! Mwenye kuutaka aje aukomboe! Watu wakacheka tena, na sajini akaona haya kumkimbiza mtani msibani, akakaa akamalizia sinia.

Tangu hapo sina raha. Hakimu wa wilaya ataketi hapa Handeni baada ya Idi kusikiliza kifo cha mwanangu, na wazee wanataka nisimame niseme ni bahati mbaya nimesamehe. Nikisema sitaki wananiambia Mwaija wewe ulicheka mbele ya watu, na mfiwa akishacheka utani moyo wake umeridhia, na mlango mtani amechukua, na mbuzi umepewa, unataka nini tena? Mhina naye yuko upande wao, ila nikimtazama vizuri naona yuko zaidi upande wa mbuzi, kila akija anampapasa mbavu. Mbuzi mwenyewe sijamchinja wala sijamrudisha, amefungwa uani anakula kisamvu changu. Na Yordani, asiye na haya, sajini ameshatuma watu kuufuata mlango wakaambiwa haujakombolewa, na mimi akanitumia salamu eti mwambieni Mwaija mlango huu haukombolewi na mtu asiyemzaa mwenyewe. Mtu amebeba kitu changu halafu ananitukania uzazi!

Naomba unijibu mambo mawili. Yordani nimshitaki kwa wizi? Na hili la pili ndilo linaloninyima usingizi, kile kicheko, je, ni kweli nilimuuza mwanangu kwa kicheko?

Mimi Mwaija, mama Athuman, nyumba ya mabua, Handeni.

BI YUDITHA ANAJIBU

Mwaija, marahaba. Nimekuzidi, tena kwa mbali, na hayo ya mashavuni si wino, ndivyo yalivyo.

Pole mama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, mimi nimezaa na nimezika, kwa hiyo sitakueleza habari za uchungu. Nitakugombeza tu, na univumilie, mimi ni Msambaa wa Mpale, na Msambaa asipomchokoza Mzigua siku hiyo hali chakula kikashuka.

Naanza na la pili, ili leo ulale. Hukumuuza. Hata chembe. Mwe! Nani alikwambia kicheko cha matangani ni sahihi ya dole gumba? Mtani huletwa msibani kwa kazi hiyo, amwigize marehemu mpaka wafiwa wapumue, kwa sababu asiyepumua naye atazikwa. Wewe ulipumua. Ulimwona mwanao kwa mara ya mwisho, anatembea, anabisha hodi, na mama gani duniani akimwona mwanawe anafika nyumbani hacheki? Kicheko kile kilikuwa cha Athuman. Hao wazee wako wamekiokota chini wakampelekea sajini.

Hata hivyo sikutaka uamini maneno ya Msambaa katika mambo ya Wazigua na Wanyamwezi, kwa hiyo nilikwenda sokoni hapa Korogwe nikawauliza wenyewe. Wazigua wakaniambia mtani huchukua kuku, huchukua kofia, huchukua sufuria ikiwa bado motoni, lakini hakuna aliyewahi kusikia mtani amechukua roho. Mnyamwezi mmoja muuza tumbaku alikasirika mpaka akasimama. Akasema, "Mtani hutania kwa mdomo. Akishika bunduki huyo si mtani tena, ni askari, na askari ana mwajiri wake, waulizwe wote wawili." Sina la kuongeza hapo.

Tena damu ya mtu si mali ya ukoo mkagawana na kusameheana kwenye jamvi. Kesi ya mtu kuuawa ni ya Jamhuri. Hata ukimsamehe yule askari leo, kesho na keshokutwa, hakimu bado ana kazi yake ya kujua mwanao alikufaje. Kusamehe ni kwako na Mungu wako, kuna siku yake, na siku hiyo haipangwi na sajini. Mahakamani utasimama na kusema ulichokiona na unachokijua, basi.

Sasa magomvi. Mbuzi! Mwaija, mbuzi anafanya nini uani kwako mpaka leo? Unamlisha kisamvu unangoja nini, akusalimie? Siku Mhina akimchinja, na kwa jicho ulilonisimulia atamchinja, watasema mmekula mmeshiba shauri limekwisha, na hapo watakuwa na mifupa ya kuonyesha. Mrudishe leo. Usimpeleke peke yako, nenda na balozi wa nyumba kumi na jirani mmoja mwenye mdomo mpana, mwende mchana, mumfunge mbele ya kituo, useme kwa sauti: mbuzi wenu huyu, mzima, sijala hata mkia. Kisha urudi nyumbani usibishane na mtu.

Halafu jina la askari. Eti wino ni wako! Hasira hiyo naielewa lakini haina faida, hakimu hawezi kumwita shahidi anayeitwa Sitaliandika. Liandike jina, namba yake kama unaijua, na kituo chake. Andika pia majina ya watu waliompa Athuman maji njiani, maana hao walimwona hana panga. Wino ukikuishia njoo kwangu.

Kaka yako Mhina nipatie nafasi nimwambie mwenyewe. Mhina, siri ya maiti ni maumbile yake, ni kasoro aliyozaliwa nayo ambayo hakutaka watu waione. Tundu la risasi Athuman hakuzaliwa nalo. Ulimwosha, ulimgeuza, unajua liliingilia wapi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, lakini huyu ni mwana wa dada yako, na kwa desturi zenu mjomba ndiye wa kwanza kusimama. Kamuulize shehe wako kama kunyamazia damu ni stara. Akikwambia ndiyo, niandikie jina lake na yeye.

Sasa Yordani. Mwaija, hapa ndipo nilipotaka kukuvuta sikio mpaka lirefuke. Unataka kumshitaki! Soma tena barua yako mwenyewe. Mzee amekaa pembeni tangu asubuhi hasemi kitu. Anakuja sajini, anasema mlango huu naondoka nao leo. Wazee wanaitika naam. Mlango wenye tundu, Mwaija, mlango uliokuwa mgongoni! Yule askari anasema aligeukiwa, na njia ya mwongo ni fupi, kwa sababu ubao ule unasema Athuman alikuwa amempa mgongo. Ungefika kituoni ungekuwa kuni za kuchemshia chai. Ndipo mzee anainuka, na kwa kuwa hana bunduki wala cheo, anatumia kitu pekee alichonacho. Anaubeba mbele ya macho ya sajini, anawachekesha watu mpaka sajini anaona haya, anaondoka. Na kitu alichoteka mtani msibani nani atathubutu kumnyang'anya? Aliyepiga risasi ni wa kabila lake, angeweza kukaa akala ubwabwa wake. Wewe ulidhani utani umemshinda. Alikuwa anangoja zamu yake.

Na ile salamu si tusi, mama. Mlango haukombolewi na mtu asiyemzaa mwenyewe, maana yake sitampa sajini, sitampa mwenyekiti, sitampa Mhina. Nakungoja wewe.

Kwa hiyo shika kuku, mnono, wewe ni Mzigua lakini jitahidi, upande basi la Korogwe uende kambini kwake. Usimshukuru mbele za watu, utamharibia. Mtukane kwanza, mwambie yeye ni mwizi na baba yake alikuwa mwizi, naye akikutukana, ndipo umpe kuku na kuukomboa mlango. Mwombe aje nao yeye mwenyewe Handeni siku ya shauri, aseme mbele ya hakimu ameutoa wapi na ameutunza wapi. Utingo akikataa kuupakia juu ya basi mwambie Bi Yuditha anamjua mama yake. Kamba zile za mkonge msizitupe. Mlango usioshwe, usipakwe rangi, na lile tundu asiingize mtu kidole tena, hata wewe. Huko mahakamani wakikuzungusha, iko Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, kazi yake ni kupokea malalamiko ya wananchi, na kalamu unayo.

Umebakiza jambo moja ambalo hukuniuliza, umelipitisha tu katikati ya vyungu na kinu: kwamba ulilalamika juu ya mlango asubuhi na jioni. Nimeliona. Mama kutaka mlango si kosa, na mwana kumletea mama yake mlango si kosa. Aliyekosea siku ile ni mmoja na jina lake utaliandika.

Shauri likiisha, hata liishe vipi, uchukue mlango wako uupachike kwenye nyumba yako mpya, tundu uliache kama lilivyo. Na siku yule askari atakapotaka msamaha wa kweli asitume sajini wala mbuzi. Aje mwenyewe, asimame nje kwa miguu yake, aubishie hodi mlango huo, nawe ndipo utaamua kama utafungua.